Mwongozo kamili wa kuandika vitanzi vya Python vinavyotoa jibu sahihi

Kila Jumamosi alasiri huwa nafundisha vijana wachache programu hapa Kisumu. Wakiwa kwenye `print` na `if` wanakwenda vizuri. Tukifika kwenye vitanzi, darasa linanyamaza. Makosa ni yale yale kila muhula: jumla inatoka ndogo kuliko ilivyotarajiwa, duru ya mwisho inapotea, au programu inaanza kukimbia na haikomi. Nimeyasahihisha kwenye daftari nyingi mno, ndiyo maana nimeamua kuyaandika yote mahali pamoja.

Kitanzi ni sehemu ya programu inayorudiwa. Kila marudio nitayaita duru. Kisanduku nitakachotaja ni jina linalobeba thamani, kama `jumla = 0`.

Nimegundua kwamba wengi hawashindwi na Python. Wanaituma kompyuta ipite njia ambayo wao wenyewe hawajaipita hata mara moja. Kwa hiyo hatua nyingi za mwongozo huu zitakurudisha kwenye karatasi. Usiziruke.

## Vitu unavyohitaji

- Kompyuta yenye Python 3. Ukiisakinisha kwenye Windows inakuja na IDLE, programu ya kuandikia na kuendeshea Python, na hiyo inatosha. Usitafute kitu kikubwa zaidi kwa sasa.
- Kama huna kompyuta, simu ya Android yenye Pydroid 3. Ukishaisakinisha haihitaji bando ili kuendesha programu, na stima ikipotea unaendelea na kazi.
- Daftari na kalamu. Mwanafunzi akija bila daftari namwambia aazime karatasi kwa jirani kabla hatujaanza.
- Uwe tayari unajua kuandika `if`, kutengeneza orodha na kuchapisha jibu kwa `print`.

## Hatua ya 1: Jibu maswali matatu kabla ya kugusa kibodi

Andika kwenye daftari:

1. Naanzia wapi? Kisanduku gani kinahitaji thamani kabla ya duru ya kwanza?
2. Nini kinabadilika kila duru?
3. Nini kitanisimamisha?

Maswali haya yanaonekana mepesi, na ndiyo sababu watu huyapuuza. Lakini makosa mengi nitakayoyataja hapa chini yanatokana na swali mojawapo kukosa jibu. Jumla isiyo sahihi ni swali la kwanza. Programu isiyokoma ni la pili au la tatu.

Umefaulu hatua hii ukiweza kumweleza mtu asiyejua kompyuta kazi ya kitanzi chako, naye akakuelewa.

## Hatua ya 2: Chagua kati ya for na while

Ukiwa na vitu mkononi vya kupitia kimoja kimoja, au ukijua idadi ya duru, tumia `for`. Ukiwa unangoja hali fulani itimie na hujui itachukua duru ngapi, tumia `while`.

Mama anayehesabu mauzo ya siku tano sokoni Kibuye anatumia `for`: siku ziko tano. Kijana anayeweka akiba hadi afikishe bei ya laptopu ya mtumba anatumia `while`: hajui zitakuwa wiki ngapi.

Ukiwa na shaka, anza na `for`. Inakomea yenyewe vitu vikiisha, hivyo inakuachia nafasi chache za kukosea.

## Hatua ya 3: Andika kitanzi cha kujumlisha, kisha ukipitie kwa kalamu

Hapa tutakaa sana, kwa sababu ukikishika kitanzi hiki umeshika nusu ya vitanzi vyote. Mauzo ya siku tano, kwa shilingi:

```
mauzo = [450, 600, 380, 720, 550]
jumla = 0
for siku in mauzo:
    jumla = jumla + siku
print(jumla)
```

Kabla ya kuendesha, chora jedwali. Kila duru ina mstari wake, na `siku` inabeba namba inayofuata kwenye `mauzo`:

| Duru | siku | jumla baada ya duru |
|---|---|---|
| kabla | – | 0 |
| 1 | 450 | 450 |
| 2 | 600 | 1050 |
| 3 | 380 | 1430 |
| 4 | 720 | 2150 |
| 5 | 550 | 2700 |

Sasa endesha programu. Ukipata 2700, wewe na kompyuta mmepita njia moja. Kama majibu hayalingani, usibadilishe msimbo (mistari ya programu uliyoandika) kwa kubahatisha. Rudi kwenye jedwali utafute duru ambayo mliachana.

Angalia nafasi nne zilizo mwanzoni mwa mstari `jumla = jumla + siku`. Hizo ndizo zinazoiambia Python kwamba mstari huu uko ndani ya kitanzi. Mstari wa `print` hauna nafasi hizo, kwa hiyo uko nje na unafanya kazi mara moja tu, kitanzi kikishaisha. Usisahau pia nukta pacha mwishoni mwa mstari wa `for`.

Onyo la kwanza. Usiweke `jumla = 0` ndani ya kitanzi:

```
for siku in mauzo:
    jumla = 0
    jumla = jumla + siku
print(jumla)
```

Hii inatoa 550. Kila duru inafuta kazi ya duru iliyotangulia, kama mtu anayemwaga debe kabla ya kurudi mtoni. Ikumbuke dalili yake: jibu likilingana na kitu cha mwisho kwenye orodha, kisanduku chako kinaanzishwa upya ndani ya kitanzi. Kosa hili mimi huliona karibu kila Jumamosi, na ukishaijua dalili utalitambua mara moja.

Onyo la pili. Ukisogeza `print` ndani, utaona namba tano badala ya moja. Hilo si kosa ukiwa unachunguza. Kwa kweli ndiyo njia bora ya kuona jedwali lako likijichora lenyewe kwenye skrini. Ukimaliza kuchunguza, irudishe nje.

Onyo la tatu, kuhusu pesa. Jumlisha 0.1 mara kumi ndani ya kitanzi na Python itakupa 0.9999999999999999, si 1.0. Kompyuta huhifadhi namba hizo kwa mfumo wa mbili (0 na 1 tu), na moja ya kumi haiwezi kuandikwa humo kikamilifu. Kosa dogo la kila duru linarundikana. Hesabu za pesa zifanye kwa shilingi kamili, au kwa senti kamili, kisha ugawe mwishoni.

## Hatua ya 4: Linda mipaka, hasa duru ya mwisho

`range(6)` inatoa 0, 1, 2, 3, 4, 5. Namba ni sita, lakini 6 yenyewe haimo. `range(1, 6)` inatoa 1 hadi 5. Namba ya mwisho unayoandika ni ukuta, na kitanzi kinasimama kabla ya kuugusa. Kwa hiyo ukitaka 1 hadi 10, andika `range(1, 11)`.

Orodha nazo zinahesabiwa kuanzia 0. Kitu cha kwanza ni `orodha[0]`. Orodha ya vitu sita inaishia `orodha[5]`.

Chukua matatu inayotoka hapa kwenda Kakamega:

```
vituo = ["Kisumu", "Kiboswa", "Majengo", "Mbale", "Chavakali", "Kakamega"]
idadi = len(vituo)
for i in range(idadi - 1):
    print(vituo[i], "hadi", vituo[i + 1])
```

`len(vituo)` inahesabu vituo, navyo ni sita. Vipande vya safari ni vingapi? Wengi husema sita bila kufikiri. Hesabu kwa vidole: Kisumu hadi Kiboswa, Kiboswa hadi Majengo, Majengo hadi Mbale, Mbale hadi Chavakali, Chavakali hadi Kakamega. Ni vitano. Ndiyo maana tumeandika `idadi - 1`.

Ukiandika `range(idadi)`, programu itachapisha mistari mitano mizuri, kisha itaanguka kwa ujumbe `IndexError: list index out of range`. Katika duru ya mwisho `i` ni 5, nayo inatafuta `vituo[6]`. Matatu imeshafika Kakamega, hakuna kituo cha mbele.

Ukiona ujumbe huo, kagua duru mbili tu kwa kalamu: ya kwanza na ya mwisho. Kosa la mpaka huishi huko, si katikati.

Tena, kama huhitaji namba ya nafasi, usiitafute. Ukitaka kuchapisha majina ya vituo tu, `for kituo in vituo:` inatosha. Haina mpaka wa kuukosea. Naona watu wengi wakitumia `range` kwa mazoea pale ambapo inawaletea taabu bure.

## Hatua ya 5: Andika while inayojua kusimama

Kijana mmoja kutoka Nyalenda aliniuliza atachukua wiki ngapi kufikisha bei ya laptopu. Ana shilingi 2,000, anaweka 1,500 kila wiki, na laptopu ni 18,000. Tuliandika hivi:

```
akiba = 2000
wiki = 0
while akiba < 18000:
    akiba = akiba + 1500
    wiki = wiki + 1
print(wiki, akiba)
```

Jibu ni wiki 11, na akiba ni 18,500. Tazama yale maswali matatu yamejibiwa wapi. Mwanzo uko kwenye mistari miwili ya juu. Kinachobadilika ni `akiba`. Kinachosimamisha ni sharti lililo kwenye `while`.

Yeye mwenyewe alikuwa ameandika sharti lake hivi:

```
while akiba != 18000:
```

Yaani, endelea maadamu akiba si 18,000. Kwa masikio linasikika sawa kabisa. Lakini fuata hesabu: baada ya wiki 10 akiba ni 17,000, baada ya wiki 11 ni 18,500. Imeruka 18,000 bila kuikanyaga. Wiki ya 12 ni 20,000, na programu inaendelea kuweka akiba milele.

Kwa hiyo, kitanzi kinachohesabu kipe sharti la `<`, `<=`, `>` au `>=`. Usikiegemeze kwenye usawa kamili. Ukitaka kufika ng'ambo ya mto, uliza kama umeuvuka, usiulize kama umekanyaga jiwe fulani.

Sababu nyingine ya kutokoma ni kusahau mstari wa mabadiliko. Futa `akiba = akiba + 1500` na akiba itabaki 2,000 daima, sharti litakuwa kweli daima.

Programu ikikataa kukoma usizime kompyuta. Bonyeza Ctrl na C kwa pamoja, nayo itasimama na kukuonyesha `KeyboardInterrupt`. Hujaharibu chochote. Kwenye simu, isimamishe kutoka kwenye programu yenyewe au uifunge. Ila hifadhi msimbo wako kabla ya kuendesha `while` yoyote mpya, ikusaidie simu ikiganda.

## Hatua ya 6: Kitanzi ndani ya kitanzi, kwa mfano wa chama

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, ilhali karibu kila mmoja wetu ana mama, shangazi au dada aliye kwenye chama cha mzunguko. Wanachama watano. Kila wiki mmoja anapokea, na wengine wanne wanamchangia 200 kila mmoja. Hicho tayari ni kitanzi ndani ya kitanzi: cha nje kinapita wapokeaji, cha ndani kinapita wachangiaji.

```
wanachama = ["Akinyi", "Nekesa", "Chebet", "Wanjiru", "Atieno"]
for mpokeaji in wanachama:
    pato = 0
    for mchangaji in wanachama:
        if mchangaji != mpokeaji:
            pato = pato + 200
    print(mpokeaji, pato)
```

Kila jina linatoka na 800. Isome polepole: Akinyi anaketi kama mpokeaji, na *wote watano* wanapita mbele yake kabla ya Nekesa kupata zamu. Kitanzi cha ndani kinaisha chote ndani ya duru moja ya kitanzi cha nje. Kwa hiyo `if` inaulizwa mara 25, na mchango unatolewa mara 20.

Sasa jambo lenyewe: `pato = 0` inakaa wapi? Kuna sehemu tatu, na moja tu ndiyo sahihi.

- Juu ya vitanzi vyote: Akinyi anapata 800, Nekesa 1600, Chebet 2400, Wanjiru 3200, Atieno 4000. Kikapu hakikumwagwa kati ya wiki na wiki, kila anayefuata anapewa na ya mwenzake.
- Ndani ya kitanzi cha ndani, juu ya `if`: wanne wa kwanza wanapata 200 na Atieno anapata 0. Mchango wa kila mtu unafuta wa aliyemtangulia, na Atieno akiwa mpokeaji ndiye wa mwisho kupita, naye hajichangii.
- Ndani ya cha nje, juu ya cha ndani: 800 kwa kila mmoja. Kikapu kinaanza kitupu kila wiki mpya.

Jiulize: kisanduku hiki ni cha nani? Ni cha wiki moja, basi kianzishwe mwanzoni mwa wiki. Kingekuwa cha mwaka mzima, kingeanzishwa juu ya vyote.

Jihadhari na ukubwa. Watu 5 ni duru 25. Watu 2,000 ni duru 4,000,000. Idadi ikiongezeka mara kumi, kazi inaongezeka mara mia. Kabla ya kuongeza kitanzi cha tatu ndani, simama ufikirie kama kweli unakihitaji. Na hesabu yoyote ambayo jibu lake halibadiliki kutoka duru hadi duru, itoe nje ifanywe mara moja.

## Hatua ya 7: Usipunguze orodha unayoipitia

Uzito wa samaki kwa gramu, tunataka kuwaondoa walio chini ya 100:

```
uzito = [250, 80, 90, 300]
for u in uzito:
    if u < 100:
        uzito.remove(u)
print(uzito)
```

Utapata `[250, 90, 300]`. Huyo wa gramu 90 amebaki! Python hupita kwa kufuata nafasi. Ilipomwondoa wa 80 kwenye nafasi ya pili, wa 90 alisogea akakaa pale pale. Duru iliyofuata ikaenda nafasi ya tatu na kumkuta wa 300. Wa 90 hakuangaliwa kabisa.

Kosa hili ni baya kwa sababu halitoi ujumbe wowote. Programu inamaliza kwa amani na jibu lisilo la kweli. Fanya kama wanavyofanya wachuuzi wa samaki: leta beseni la pili, na `append` itie humo kila unayemtaka.

```
wakubwa = []
for u in uzito:
    if u >= 100:
        wakubwa.append(u)
```

Sasa unapata `[250, 300]`, na orodha ya awali bado ipo ukitaka kuhakikisha.

## Hatua ya 8: break na continue

`break` inatoka nje ya kitanzi papo hapo. Itumie ukitafuta kitu: ukishakipata hakuna haja ya kuendelea. Ndani ya vitanzi viwili, inatoka kwenye kile cha ndani tu.

`continue` inaacha sehemu iliyobaki ya duru hii na kwenda duru inayofuata. Kwenye `for` haina shida. Kwenye `while`, ukiiweka juu ya mstari wa mabadiliko, mstari huo unarukwa na kitanzi kinanasa. Mimi huwaambia wanaoanza waiache kwanza, watumie `if` ya kawaida.

## Hatua ya 9: Jaribu mahali panapoumiza

Kitanzi kikitoa jibu zuri mara moja, bado hujamaliza. Kijaribu kwa:

- orodha yenye vitu vitatu ambavyo jibu lake unaweza kulihesabu kichwani,
- orodha yenye kitu kimoja,
- orodha tupu, `[]`.

Orodha tupu ndiyo husahaulika. Ukitafuta wastani kwa kugawa jumla kwa idadi, na siku hiyo hakuna mauzo, utagawa kwa sifuri na kupata `ZeroDivisionError`. Weka `if idadi > 0:` kabla ya kugawa.

## Zoezi la kujipima

Muuzaji ana gorogoro 42 za omena. Kila siku anauza 7, na siku ambayo hana 7 kamili hafungui kibanda. Andika `while` itakayosema atauza kwa siku ngapi na atabaki na ngapi. Chora jedwali kwanza.

Jibu sahihi ni siku 6, zikibaki 0. Ukipata siku 5 na gorogoro 7 zimebaki, umeandika `omena > 7` badala ya `omena >= 7`. Sasa badilisha 42 iwe 40 na uendeshe kwa alama zote mbili. Zote zitakupa siku 5 na gorogoro 5. Anayejaribu kwa 40 peke yake hataliona kosa hilo, kwa hiyo chagua namba ya majaribio inayoangukia mpakani kabisa.